Mkono Uliosimamisha Magari

Baba yangu,

Ile mistari ya zebra ya kuvukia barabara, pale chini ya mlima wa Kibuli, mpaka leo haijarudi. Walipopanua barabara walikula njia ya waenda kwa miguu, wakamwaga lami mpya juu ya ile mistari, wakaenda zao. Wewe uliendelea kuvukia palepale kana kwamba bado unaiona.

Nakukumbuka enzi zako za trafiki, umesimama katikati ya makutano na sare yako nyeupe. Uliinua mkono mmoja tu, lori likatulia. Mimi na Mama tukavuka, nami naringa kama barabara ni ya kwetu. Nyumbani ulinifundisha kwa Kiswahili chako cha kambini: "Gari haina macho. Macho iko na dereva. Wewe inua mkono, angalia yeye, ngoja asimame."

Ulipostaafu, sare uliirudisha, mkono ukabaki nao. Kila Ijumaa baada ya swala ulisimama pale chini na kanzu yako nyeupe, ukivusha watu. Hata bodaboda, ambazo hazimwogopi mtu, zilisimama. Tulikutania, "Afande, likizo lini?" Ukajibu, "Madereva ya Kampala iko na adabu. Ni kuonyesha tu."

Uliamini hivyo. Na mimi niliamini.

Halafu ile Jumanne ya mvua ukatoka kununua mkate, umevaa sweta la kijivu nililokuletea kwa ajili ya baridi. Mwenye duka aliona yote. Alisema ulimwangalia dereva, ukainua mkono, ukashuka barabarani bila haraka. Mkono ulikuwa juu mpaka mwisho.

Dereva alikuja msibani, kijana tu, analia. Akaniambia, "Mama, mimi niliona yeye. Nilifikiri ni mzee tu, atarudi nyuma. Kama alikuwa na nguo nyeupe, haki ya Mungu ningesimama."

Sikumtukana, sikuwa na nguvu. Lakini maneno yake yananitafuna. Mzee tu. Kumbe miaka yote hiyo walikuwa wanaiheshimu nguo, Baba, wala si mtu anayevuka. Siku nyingine nakukasirikia hata wewe kwa kuwaamini, kisha nalia mpaka kichwa kinauma.

Mjukuu wako Mariamu ameanza shule. Juzi, palepale, aliinua mkono kama ulivyomfundisha. Gari likapita mbio, likaturushia maji ya matope. Nikaushusha mkono wake kwa nguvu. Akaniuliza, "Mama, kwani jaja alikosea?"

Nilimwambia hapana, babu yake hakukosea.

Jana nimeitoa kanzu yako ya Ijumaa sandukuni. Nilikuwa nimeapa hakuna atakayeigusa, maana bado ina harufu yako, udi na sabuni ya mche. Nimeikata, Baba. Nimemshonea Mariamu hijabu ya shule, nyeupe, inamfika kiunoni. Leo asubuhi ameinua mkono, na magari yamesimama.

Yeye amevuka akiringa, kama mimi zamani. Mimi nimelia mpaka kwenye geti la shule.

Pumzika, Baba, Mungu akulaze pema. Vitambaa vilivyobaki nimevikunja nikaviweka akiba. Mtoto anakua, na barabara ni ileile.

Bintiyo,
Mama Mariamu