Baba wa Mchumba Wangu Nilimhudumia Wodini, Sasa Hataki Kuniona

Mama Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie upesi kwa sababu akili yangu imefika mwisho, mimi ni kijana wa Igawa, jina langu Timotheo, nasomea uuguzi katika hospitali moja ya misheni hapa Iringa na huu ni mwaka wangu wa mwisho, sinywi, sivuti, kanisani naenda, na kitu ninachokijua vizuri duniani ni kubadilisha shuka za kitanda bila kumwondoa mgonjwa aliyelala juu yake, sasa mtu kama mimi ungedhani atapata matatizo gani, lakini nimeyapata.

Kwanza nikueleze habari za Severina. Severina ni fundi cherehani pale misheni, ndiye anayeshona sare zetu, na siku alipokuja kutupima kaptura alinizungushia utepe kiunoni akasema, "Kaka, vuta pumzi," nami nikavuta, nikasahau kuitoa mpaka nikaona nyota mchana, akacheka sana, na tangu siku hiyo kaptura zangu zimekuwa zikichanika kila mara bila sababu ya kueleweka. Tumependana kwa heshima na tumekubaliana kuoana. Kwao ni Kilolo, na baba yake, Mzee Silvester, nilikuwa sijawahi kumwona kwa macho, nilikuwa namsikia tu kwamba ni mkali, kwamba alipigana vita huko Burma, na kwamba kwaya ya kigango chao hakuna anayethubutu kukosea mbele yake.

Sasa mama, siku moja mchana aliletwa wodini mzee mmoja ameshika tumbo kwa mikono miwili, jina alijiandikisha Saulo, na tatizo lake ni kwamba alikuwa na ugomvi na jirani yake juu ya mpera ulioota mpakani, kila mmoja anasema ni wake, basi yeye akaona njia ya kumaliza ugomvi ni kuyala mapera yote mwenyewe, mabichi kwa mabivu, na mbegu zake, jirani asiambulie hata moja. Tumbo likafunga kabisa. Daktari akaagiza aoshwe tumbo kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu, yanayopitishwa kwa mpira kule ambako, mama, heshima yako inanizuia kupataja, na zamu ya kazi hiyo ilikuwa yangu.

Mzee aliponiona na ndoo akakaa wima. "Wewe ndiye daktari?"

"Hapana mzee, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi."

"Basi kamwite anayejua."

"Anayejua ndiye aliyenituma."

"Sikiliza kijana. Mimi nimetoka Burma. Hakuna Mjapani hata mmoja aliyewahi kuniona mgongo."

Nikamwambia, "Mzee, mgongo tutaufunika."

Tulibishana mpaka wagonjwa wengine wakaanza kumsihi, mwishowe tumbo lenyewe likaamua, akageukia ukutani akanung'unika kwa Kihehe maneno ambayo sikuomba tafsiri. Kazi niliifanya kama nilivyofundishwa, taratibu na kwa adabu. Na alipotoka chooni alikuwa mtu mwingine, uso unang'aa kama wa bwana arusi, akaanza kuimba wimbo wa Pasaka, wodi nzima ikaitikia, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, aliyekuzaa amezaa." Akarudi kwake, nami nikamsahau, maana wagonjwa ni wengi.

Ndipo nikaenda kuposa. Mjomba wangu Jailos, ambaye ndiye mshenga, alipeleka maneno Kilolo, yakapokelewa vizuri, wakasema kijana aje aonekane, nikaazima koti, tukaenda. Tumekaa barazani, mama yake Severina ametukaribisha kwa furaha, Severina anachungulia dirishani, mara Mzee Silvester anatoka ndani na kikombe cha pombe ya ulanzi mkononi, anatabasamu, anatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene, kamwene wageni," akanitazama. Mama, tabasamu likaanguka, na kikombe kikalifuata. Ni yule yule! Kumbe, kama alivyoniambia baadaye, Saulo ni jina la jirani wa mpera, alilitumia ili aibu, kama ikitokea, ifike kwa Saulo.

"Huyu kijana namjua," akasema.

Mkewe akauliza, "Unamjua wapi?"

"Namjua tu. Pabaya."

Mjomba Jailos akaruka, "Pabaya wapi, mzee? Huyu ni mtu wa hospitali!"

"Nimesema pabaya, na posa nimeikataa."

Tena nyumbani aliaga kwamba anakwenda Iringa kwenye mkutano wa askari wa zamani. Hawezi kusema aliponiona, na mimi siwezi kusema, kwa sababu siku ya kwanza ya masomo Sista Mkuu alituapisha kwamba mambo ya kitanda cha mgonjwa hatutayatoa nje ya wodi. Basi tukabaki tunatazamana kama majambazi wawili.

Baadaye akanivuta nyuma ya ghala la mahindi akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, sina ubaya na wewe. Lakini kila utakaponiamkia 'shikamoo baba' nitauona ule mpira. Acha kazi hiyo. Nenda Makongolosi ukachimbe dhahabu, na Severina ni wako. Watu wakiuliza mkwe wangu anafanya nini nitajibu dhahabu, nao watanyamaza. Nikijibu uuguzi, watauliza tulijuana vipi."

Nikamwambia ukweli, kwamba Sista Mkuu ameniita na kuniambia kuna chuo kikuu huko Marekani ambako watu husomea uuguzi mpaka wapewe digrii, na misheni iko tayari kunipeleka, mradi nijibu kabla ya Pasaka.

Mzee akanikodolea macho. "Digrii? Ya kazi ile? Huko mipira yao ina urefu gani?"

Severina naye, nilipomfuata cherehanini kwake, akaniuliza, "Baba alikuona wapi?" Nikamwambia siwezi kusema. "Ni mwanamke?" Hapana. "Uliiba?" Hapana. "Basi pabaya ni wapi, Timotheo?" Nikatazama viatu vyangu. Akakunja utepe wake akasema, "Kaptura zako peleka kwa fundi mwingine," na machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi yangu yalitoka nilipofika bwenini.

Sasa nifanye nini mama, niende Makongolosi nimpate Severina nipoteze kazi ninayoipenda, au niende Marekani nipate digrii nimpoteze Severina, au nivunje kiapo nimwambie kila kitu? Sili vizuri. Jana nilimpima mgonjwa homa nikaweka kipimajoto kinywani mwangu.

Ni mimi mwanao mwenye mashaka,
Timotheo, Iringa.

*

Timotheo mwanangu,

Marahaba. Pole. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka mpaka mtandio ukadondoka, nikaisoma mara ya pili nikakuhurumia, na ya tatu nikakasirika, na hapo kwenye hasira ndipo nitakapoanzia.

Umeapa kutosema ya mgonjwa. Msichana anayekupenda umemnyima, na umefanya vyema. Halafu ukachukua kalamu ukaniandikia mimi, mwanamke wa magazeti, nisiyeweza kukaa na habari ya jirani hata mpaka adhuhuri! Tena kwa majina, na kijiji, na mti uliozaa mapera! Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwa posta. Gazetini halitoki mpaka mzee mwenyewe aridhie, na likitoka majina ya watu na vijiji yatakuwa mengine kabisa. Usirudie.

Sasa hilo la Makongolosi. Wewe umewahi kushika sururu? Mtu anayechanika kaptura kwa ajili ya kupimwa kiuno atafanya nini shimoni? Na hata ukiipata hiyo dhahabu, mzee hatausahau mpira kwa sababu umebadilisha kazi. Atauona vile vile, isipokuwa wewe utakuwa na matope. Futa kabisa.

Mzee huyo simlaumu sana. Mtu mzima ameheshimika maisha yake yote, siku moja akaonwa na kijana pale ambapo hata mkewe haulizi. Ana haki ya kuona haya. Hana haki ya kumtia binti yake shaka ili afiche haya zake, na wewe huna haki ya kukaa unatazama viatu huku mwenzio analia. Kunyamaza ni kazi yako, sawa. Lakini kunyamaza vibaya hujafundishwa na Sista yeyote.

Fanya hivi. Nenda kwa Severina, simama wima, mwambie: "Nilipomwona baba yako nilikuwa kazini, ninafanya kazi yangu kwa haki. Nimeapa kutosema zaidi. Si wizi, wala si mwanamke. Anayeweza kueleza ni yeye." Kisha funga mdomo. Akikuuliza tena, ufunge zaidi. Usimweleze hata kwa kukonyeza.

Yeye atamwendea mama yake, na mama yake atamwendea mzee, na hapo mwanangu wewe huhusiki tena. Wajapani walikuwa na mizinga tu. Hawakuwa na mke wa miaka yote hiyo anayeuliza swali moja huku anasonga ugali.

Ukiitwa Kilolo, nenda. Mzee ukimpata peke yake mwambie hivi, kwa adabu: "Baba, wagonjwa wote kwangu ni sawa, na nikivua sare ninawaacha wodini." Kisha zungumzieni mahindi.

Na Sista Mkuu mjibu leo kwamba utakwenda. Usingoje ruhusa ya mtu anayedhani digrii inapimwa kwa urefu wa mpira. Tanganyika hii ina wagonjwa wengi na wauguzi wachache, na wengi wa hao wachache hawajui hata kuongea na mzee aliyeona haya. Wewe ulijua. Kasome.

Halafu kula. Muuguzi mwenye njaa huwapima homa watu wasiohusika.

Mama Mwantumu, Mbeya.

*

Mama Mshauri,

Shikamoo tena. Samahani kwa kukawia, mambo yalikwenda mbio.

Nilimwambia Severina yale maneno kama ulivyoyaandika, nikafunga mdomo, akaniuliza mara ya pili nikatikisa kichwa, akapanda lori la viazi akaenda Kilolo. Yaliyotokea huko amenisimulia yeye. Alimkuta baba yake anakula, akamuuliza mbele ya mama yake, "Baba, Timotheo anasema ulimwona akiwa kazini. Kazi yake iko hospitali. Ulikwenda hospitali kufanya nini?" Mzee akasema alikwenda kumwona Saulo, amelazwa. Mama yake akasema, "Saulo? Wiki yote hiyo Saulo alikuwa hapa ananililia kwamba mpera wake hauna hata pera moja!"

Mzee akaomba maji ya kunywa. Akayanywa. Akaomba mengine. Mkewe akaendelea kumtazama, na yeye akaona hakuna pa kupita, akasema yote, kuanzia mapera mpaka wimbo wa Pasaka. Severina anasema mama yake alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha ghafla akaacha, akamshika mzee bega akamwambia, "Silvester, ungekufa kwa ajili ya mapera! Na kijana aliyekuponya umemfukuza barazani kwangu?" Mzee akasema polepole, "Alinifunika vizuri. Hata wenzetu wa vitani hawakufunikwa hivyo." Severina naye akalia.

Nikaitwa. Mjomba Jailos alitaka kuhutubia, mzee akamnyamazisha kwa mkono, akanipa mkono wake mwenyewe. Nilipompata peke yake nikasema yale uliyonifundisha kuhusu kuwaacha wodini, naye akasema, "Vizuri. Mahindi huko Igawa yanaendeleaje?"

Tumefunga ndoa baada ya Pasaka. Nguo ya Severina alishona mwenyewe, na yangu pia, safari hii kwa kitambaa kigumu. Yeye atabaki misheni akishona mpaka nirudi, amekubali, ingawa siku nyingine anakubali huku amenikasirikia. Mzee ameridhia uchapishe habari hii, kwa masharti yale yale ya majina, na ameomba Saulo atafutiwe jina zuri.

Nilipoondoka kuja hapa Dar es Salaam kupanda meli, mzee alikuja Iringa mwenyewe kunisindikiza, amevaa medali zake za vita. Basi lilikuwa limejaa, watu wameshakaa, dereva anapiga honi, mzee akapanda ngazi akasimama mlangoni na kusema kwa sauti ile ya kwaya, "Ndugu abiria, huyu ni mkwe wangu! Anakwenda chuo kikuu, ng'ambo, kusomea uuguzi mpaka digrii! Nanyi mtulie naye, maana mimi mwenyewe ameniuguza kwa mikono yake hii, na leo mnaniona nimesimama!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikamshika mkono. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akauliza, "Pole baba, ulikuwa unaumwa nini?"

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama mizigo.

"Malaria," akasema, akashuka.

Mwanao,
Timotheo.