Upande wa Kuchotea Maji

Kigoma, Alhamisi

Kwako kaka Yohana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Mimi siumwi, ila nimechoka.

Uliponiandikia kwamba bwawa la tatu limekauka tena na akina mama wa bustani wamekununia kwa kukosa maji ya mchicha, nilikuonea wivu. Huko kwetu majitaka ya mji mzima huingia bwawa la kwanza, yakatulia, yakahamia la pili, na jua likayamaliza kabla hayajafika popote. Hapa kambini walichimba mabwawa matatu kama yetu, mlimani juu ya ziwa, kwa ajili ya maji ya vyoo na ya hema la wagonjwa wa kuhara. Kiangazi yalitosha. Sasa mvua haikatiki na wakimbizi kutoka Burundi wanaingia kila siku. Maji yanayotakiwa kukaa wiki kadhaa yanapita upesi, hayajasafika hata kidogo.

Jumatatu asubuhi ukuta wa bwawa la chini ulianza kuvuja. Mzee Lukas, msimamizi wetu, aliukanyaga, mguu ukazama.

"Neema, fungua koki."

"Mzee, pale chini ndipo wanapochota maji ya kunywa."

"Najua. Ukuta ukipasuka, uchafu wote utapita kwenye mahema, na watoto wamo ndani. Fungua, kisha shuka ukawatangazie."

Nikafungua. Maji yakatoka ya kijani, yakashika mtaro hadi ziwani, nami nikayafuata na kipaza sauti. Spesioza alikuja kunitafsiria. Ni mkimbizi anayenisaidia kufyeka nyasi za mabwawa, na tangu nifike hapa ndiye ninayekula naye mchana. Wanawake walinisikiliza huku ndoo zimejaa vichwani. Mmoja akasema jambo kwa Kirundi, wote wakacheka.

"Anasemaje?"

"Anakuita Mama Mavi," Spesioza akajibu, naye akijizuia kucheka. "Anasema, Mama Mavi, umetukataza amazi haya, sawa. Tupe mengine."

Sikuwa nayo. Maji ya tangi huisha kabla foleni haijafika katikati, na pampu ya pili tunaambiwa tu kwamba iko njiani kwa treni.

Walipoondoka, Spesioza alibaki na ndoo yake tupu. Kati yao wote ndiye anayejua vizuri kilichomo katika maji yale. Akaniuliza, "Dada, nichote upande gani?"

Kaka, mimi sijui maji ya ziwa huelekea wapi. Asubuhi upepo unavuma huku, jioni kule. Nikanyoosha mkono kulia, kwenye mawe, kwa sababu alikuwa amesimama ananingoja.

Jana foleni nzima ilikuwa kwenye mawe. Mzee Lukas akauliza nani amewahamisha.

"Mimi."

"Una hakika na kule?"

"Sina."

"Basi usiwaambie kwamba huna. Angalau wametoka mdomoni mwa mtaro."

Leo imenyesha tangu alfajiri na koki bado iko wazi. Hema la wagonjwa limeongezewa vitanda. Hatujui waliolala humo walichota wapi, na nimeogopa kuuliza. Wewe umeifanya kazi hii miaka mingi kuliko mimi. Niandikie ungefanyaje, ingawa najua jibu lako litafika mambo yameshakuwa.

Nisalimie mama, na umwambie nakula vizuri. Msalimie wifi na watoto, mjomba wa stesheni, na shangazi muuza ubuyu. Akina mama wa bustani pia, hata kama bado wamenuna.

Naishia hapa. Spesioza hakuja kazini leo. Nakwenda hemani kwake kumwangalia.

Mdogo wako akupendaye,
Neema