Baba Hakuliona Basi

Kaka yangu,

Huku hatujambo, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Jumamosi Baba alinipeleka kliniki kwa gari lake. Yeye aliyetufundisha tusiovateki kwenye kona, akaliovateki lori kwenye kona. Basi likatujia uso kwa uso. Nikapiga kelele, "Baba, kuna basi!" Mwenye lori akafunga breki, tukarudi upande wetu chupuchupu.

Baba akauliza, "Basi gani?"

Macho yamemwisha, kaka, na alikuwa akituficha. Nimemchukulia funguo. Hakugomba. Ila kila asubuhi anaingia garini, anafunga mkanda, anashika usukani na kukaa mpaka jua liwe kali. Nikimwita, anajifungia kwa ndani. Njoo, labda wewe atakufungulia mlango.

Mdogo wako