Watu Ambao Hatuli Nao

Garland, Texas, Jumamosi, 10 Novemba 2007

Baridi imeingia leo asubuhi kama mtu asiyejua kubisha hodi. Jana watoto walikuwa nje na kaptura, leo upepo wa kaskazini unatikisa madirisha ya hii nyumba ya mbao. Pale kwa duka la Wameksiko ndege weusi wamejaza nyaya za umeme, wanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Binti yangu Mwende anasema hufanya hivyo kila mwaka. Sikuwa nimemwuliza.

Nyinyi mnaosoma hapa kwenye blogu na kusema Susu, yaani nyanya, ameandika vibaya, nyamazeni. Niliacha shule darasa la tatu nikachunge mbuzi, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Mwenye digrii aandike yake.

Leo naandika kwa sababu ninaogopa.

Mambo yameletwa na shule. Mjukuu wangu Ndanu, ana miaka kumi na mitatu, amepewa kazi ya kuchora ukoo. Mti mkubwa wa karatasi, babu huku, nyanya kule, kila mtu kwa kisanduku chake kama mayai. Mwalimu amesema wahoji wazee watatu. Nikamwambia, mimi niko hapa, na kaka yangu Mutiso yuko nyumbani Mwala, tutanunua kadi ya simu. Wa tatu, nikasema, mwulize Mama Kioko.

Mama Kioko ni rafiki yangu. Niliposhuka kwenye ndege sikuwa na mtu hapa. Binti anafanya kazi usiku, mchana analala, wajukuu wanajibu kwa Kiingereza. Nilimpata kanisani, Mkamba kama mimi, mjane kama mimi, mdomo kama wangu. Tangu hapo kila Jumamosi nampikia muthokoi. Huku mahindi ya kukoboa hakuna, lakini Wameksiko wana yale yao meupe, ya mkebe, ukichanganya na maharagwe huwezi kujua. Tunakula kwenye sinia moja, tunasengenya wachungaji, anarudi kwake.

Na katika hiyo miaka yote sijawahi kumwuliza yeye ni binti wa nani. Najua ameolewa Kibwezi. Najua marehemu mume wake alipenda nini. Sisi wanawake tukikutana tunaulizana umeolewa wapi, hatuulizani umezaliwa kwa nani. Basi ikabidi karatasi ya shule ya Texas iulize.

Ndanu alimhoji mwezi uliopita, akaandika: baba yake, Ngila wa Mbithi. Mimi sikusoma.

Juzi Alhamisi jioni tukampigia Mutiso. Mtoto akamwuliza maswali ya mwalimu, mimi nikitafsiri. Mlikula nini, mlicheza nini. Halafu: je, familia yenu ina desturi gani ambayo wengine hawana?

 Kaka yangu akasema, "Mwambie kuna watu ambao hatuli nao."

Hilo nalijua. Nikiwa mdogo kulikuwa na boma ng'ambo ya mto ambalo hatukunywa kwao hata maji. Siku moja msichana wa huko alinipa kiazi kitamu cha moto. Mama alinipiga mkono kikaanguka, akakifukia kwa mguu, akanisafisha kinywa kwa mchanga. Babu yangu na mzee wa huko waligombania ng'ombe dume, wakaapa kwa kithitu. Nyinyi vijana wa Kamba msijifanye hamjui. Hicho ni kiapo ambacho hakihitaji polisi. Waliapa nyumba zao zisile chungu kimoja milele, na atakayekula na wa nyumba ile, kiapo kimwingie pamoja na chakula. Baadaye baba yangu alizika ndugu zake wawili waliosemekana kula huko, na hakuna aliyemtafuta daktari.

Lakini jina la wale watu hatukuambiwa. Tuliambiwa "wale wa ng'ambo" tu. Kulitaja jina ni kukiita kiapo.

Mtoto wa Amerika haelewi hayo. Alisumbua, "Which people, Susu? Ask him." Na kaka yangu, uzee umemlegeza ulimi, akalitaja. Nyumba ya Ngila, Ngila wa Mbithi.

Ndanu akapekua karatasi zake akaruka kwa furaha. "Susu, it's the same guy! It's Mama Kioko's dad!" Akachukua kalamu nyekundu, akachora mstari kutoka mti wetu hadi jina la rafiki yangu. Nilimfokea mpaka akalia. Alikuwa ametumia wino, haufutiki.

Simu ilikuwa bado mkononi. Nikamwuliza Mutiso kiapo kinaondolewaje. Akasema wazee wa nyumba zote mbili hukaa pamoja na kuchinja mbuzi. "Mbuzi wapo," akasema. "Wazee waliojua maneno wamekwisha." Kadi ikaisha.

Usiku huohuo gari la wagonjwa likamchukua Mama Kioko.

Amekuwa akikonda tangu joto la Julai, na mimi nikimwongezea chakula, ona ujinga. Mwende ni nesi, anasema ni mawe kwenye nyongo, watayatoa Jumatatu, watu hutolewa kila siku. Mawe! Nimekaa Mwala miaka sitini, nchi ya mawe matupu, sijaona likiingia tumboni mwa mtu.

Mimi nimeokoka. Najua damu ya Yesu iko juu ya viapo vyote. Najua sana.

Lakini leo Jumamosi sikupika.

Mwende alinipeleka kumwona saa nane. Nikaingia mikono mitupu, nikaikunja chini ya leso kama mwizi. Mama Kioko alikuwa amekuwa mdogo kitandani, macho ya manjano. Aliangalia uso wangu, akaangalia mikono.

"Muthokoi wangu uko wapi?"

Nikasema baridi imenishika magoti. Uongo wa kijinga, mtu hapiki kwa magoti.

"Umeambiwa," akasema. "Na nani?"

"Mtoto wa shule."

Akacheka mpaka ile mashine yake ikaanza kupiga kelele na nesi akachungulia. "Wazee wetu walificha miaka yote hiyo, kumbe walikuwa wanangoja homework!"

Ndipo akaniambia. Alijua. Alijua tangu ile Pasaka yetu ya kwanza, nilipomtaja baba yangu kwenye maombi. Jioni yake nilimpakulia chakula.

"Na ukala?"

"Nikala. Si nikakuomba uniongeze? Nilikuwa na njaa ya mtu, wewe mwanamke. Mwaka mzima nilikuwa naongea na televisheni."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa na hasira, sitadanganya. Akavuta blanketi.

"Mama yangu alisema kithitu kinamshika anayejua. Nikaona mmoja akijua inatosha."

  Nikaitoa mikono chini ya leso.

Tulipoaga akasema wamemruhusu chakula kidogo laini kesho mchana, kisha atafunga kwa ajili ya upasuaji. Hakuniomba. Ana kiburi kama mimi.

Sasa Mwende amelala kabla ya zamu yake. Ndanu yuko mezani, hanisemeshi. Ameniuliza mara moja tu kama aanze mti upya, maana unatakiwa Jumatatu. Nimemwambia auache ulivyo. Nimeutazama ule mstari mwekundu mpaka macho yakauma. Katika mti mzima, kati ya visanduku vyote hivyo vya wafu, ndio mstari pekee unaomfikia mtu anayenijua ninakula nini.

Upepo haujatulia. Kuna tawi linagonga ukuta, linaacha, linagonga tena.

Nimefungua mikebe ya Wameksiko. Maharagwe yako motoni tangu saa kumi na moja, nitayaponda yawe laini, bila mafuta, Mwende asije akanihubiria. Nimeweka kijiko kimoja kwenye kikapu. Kimoja tu, cha wawili.

Miaka hii yote alikula akijua, mimi nikala kwa ujinga wangu. Kesho nitakula nikijua. Nitaonja mimi kwanza, yeye akiniangalia, maana nyumbani mpishi ndiye huonja kwanza ili mgeni aone hakuna sumu.

Hiyo ndiyo adabu niliyofundishwa. Sijui kama kithitu nacho kilifundishwa.