Pipa la Dizeli Chumbani kwa Baba Mkwe

Magwagwa, Jumanne, 1996. Mvua imekatika saa kumi, jua limetoka, nami nimekimbilia kalamu kabla hata ya kuwasha moto. Ni furaha!

Tangu mwezi uliopita tunaambiwa Serikali ina fedha za kutusaidia sisi wenye mashine za kusaga tuachane na dizeli, tusagie nguvu za maji ya mto. Niliposikia nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Injini yangu imenisomeshea watoto, sikatai, lakini moshi wake umenikaa kifuani, na kila dizeli inapopanda bei wateja wanahama. Nikikosa fedha hizi, nafunga.

Leo afisa kutoka Nyamira alikuwa anakuja kukagua. Na mimi, nikisikia mgeni wa Serikali, nifanye nini? Nisafishe! Tangu Jumapili nimezima injini, nimesugua masizi, nimepaka kuta chokaa. Injini nimeifunika kitambaa cha meza, chenye maua. Pipa la dizeli, kwa vile linanuka, mama mkwe alilibingirisha hadi chumbani wanakolala na mzee, baba mkwe wangu, kisha leo akaenda zake Gesima kumwona dada yake.

Afisa akaingia, akatazama kuta, akauliza dizeli iko wapi. Fedha ni za wanaotumia dizeli, akasema, na hapa anaona chumba cha harusi. Ataandika kwamba mashine ilikufa zamani.

Nilitamani ardhi inimeze.

Pipa lilikuwa pale ng'ambo ya ua tu. Lakini chumba anamolala baba mkwe siingii. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu, na hata niahidiwe mashine kumi siingii. Nikamwomba afisa akalione mwenyewe. Kumbe naye ni Mgusii! Akarudi nyuma hatua mbili, akasema mzee yule ni rika la babake, haingii ng'o.

Tena kulikuwa na lingine. Fomu ilitaka kibali cha mwenye shamba ambamo mtaro wa maji utapita. Shamba ni la mzee, na mwezi mzima amekataa katakata. Hataki maji kwenye migomba yake.

Tukasimama uani tukaita. Mzee akatoka na fulana, macho mekundu, akisukuma pipa kwa mguu. Akanigombeza soko zima likasikia. Siku mbili hajalala! Blanketi linanuka dizeli, ugali unanuka dizeli. Uchafu huu utaisha lini?

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikainamisha uso nikasema, "Tata, utaisha siku maji yatakapopita kwako."

Akalitazama pipa, akaitazama migomba.

"Lete hiyo karatasi," akamwambia afisa. "Lakini mkikata mgomba mmoja, mnapanda miwili."

Akatia kidole gumba. Afisa naye akafungua pipa, akanusa, akaandika jina langu kwenye orodha ya watakaopewa, mbele ya macho yangu.

Mjinga mimi! Nimemwaga jasho siku mbili kumfichia mtu kile kile alichokuja kukiona. Ningepoteza kila kitu kwa ajili ya usafi. Nacheka, halafu machozi yanatoka, halafu nacheka tena.

Kukipambazuka nashika jembe nianze mtaro, kabla mzee hajalala vizuri akabadili nia.