Ghorofa ya Pili

Baba Mwende wangu,

Nimejifunza kuandika ukubwani, kwa hivyo vumilia herufi zangu. Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai.

Unakumbuka mwaka ule nzige walipomaliza mtama wote, ukaenda Mombasa kutafuta kazi? Mimi na mama yako tuliishi kwa barua zako. Mwalimu wa kanisa ndiye aliyetusomea, pale nje ya jikoni. Katika barua ya tatu ulisema: "Msiwe na wasiwasi. Nimehama kutoka chumbani kwa rafiki yangu Mutua, sasa niko na ghorofa ya pili. Napata usingizi mzuri."

Mwalimu alisita. Neno lile hakulijua, na hapa Mbooni nani angelijua? Akalirudia polepole, "Ghorofa... ya pili."

Sisi huku tulikuwa tukisema "bibi ya pili". Nikajua umeoa, na ghorofa ni jina la mke kwa watu wa pwani. Usingizi mzuri! Sikulala mimi.

Asubuhi nilimfunga Mwende mgongoni, nikatia nguo zetu kwa kyondo, nikashika njia ya kwa baba yangu, Kasikeu. Mama yako alikuwa akichambua kunde. Alitazama kile kyondo kilivyojaa.

"Utapitia Mukuyuni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi uniletee chumvi."

Niliondoka nikijua sirudi.

Mukuyuni jua lilikuwa kali, Mwende analia. Nikaingia dukani kwa mzee Abdi kuomba maji. Alikuwa amewahi kubeba mizigo bandarini kabla ya kufungua duka. Akaniuliza, "Mama, na mtoto huyu unaenda wapi?" Nikamwambia yote, machozi yakitoka mbele ya wateja.

"Bwana yako alisema amepata nini?"

"Ghorofa ya pili."

Hakucheka. Alichukua masanduku matatu ya sabuni, matupu, akayapanga moja juu ya lingine.

"Hii ni nyumba. Juu yake kuna vyumba vingine, na juu tena vingine. Hii ya chini wengi hawaihesabu. Hapa katikati ni ghorofa ya kwanza. Hapa ni ya pili." Akaweka kiganja juu ya sanduku la juu kabisa. "Bwana yako analala hapa. Anapanda ngazi."

"Kwa hivyo si mtu?"

"Si mtu, mama. Ni mawe na mbao."

Niliketi kwenye gunia la mahindi, nikamnywesha Mwende maji. Kisha nikanunua chumvi, nikapanda mlima kurudi. Mama yako aliipokea, akamtoa Mwende mgongoni mwangu, akasema uji uko tayari. Hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye.

Uliporudi ulitueleza ghorofa ukiinua mikono, nami nikakusikiliza kama mtu asiyejua. Nilipenda kukutazama ukieleza.

Ulipokuwa mgonjwa, uliniuliza, "Mbona unanitazama hivyo? Una neno?" Nikakwambia hapana, nangoja chai ipoe. Niliogopa utaondoka ukijua kwamba niliwahi kukuacha, hata kama ni kwa siku moja, bila kukuuliza lolote.

Sasa umejua. Nisamehe. Watu wa kwetu wameniambia nirudi Kasikeu, eti mjane hana la kufanya huku. Nimewakatalia. Pumzika, mimi nipo kwako.

Mkeo,
Mama Mwende