Chumba cha Mama Nyuma ya Kioo

Jumanne, 4 Machi

Ukuta umetobolewa kwa ajili ya tangi la samaki. Mita mbili na nusu kwa mita moja, kati ya sebule na chumba cha Mama. Vumbi hadi kwenye sukari. Kemunto ametandaza shuka kuukuu juu ya makochi na hajasema neno. Mke wangu asiposema neno, amesema mengi. Mama ameshinda kitandani kwake akitutazama kupitia tundu, kana kwamba sisi ndio samaki.

Ijumaa, 7 Machi

Linta, boriti ya zege juu ya tundu, imekaa. Kioo kikifika, uso utakuwa sebuleni na mgongo chumbani kwa Mama. Kazi yote iko mgongoni: tangi la chini, pampu, hita, mashine ya kutoa povu, mabomba. Kule hotelini Mombasa tulikuwa na chumba kizima cha mitambo. Nimepima mara nne. Kitanda hakiingii.

Mama lazima atoke. Sasa nimeliandika. Bado kumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia. Atakaa kwa kaka yangu Ombati, Ekerenyo, miezi miwili tu, hadi nimjengee chumba kipya ubavuni mwa nyumba. Alicheka.

"Kwa hiyo samaki watalala kwangu."

Kisha akauliza kama wanakoroma. Nilicheka pia. Sikujisikia vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Mama ameenda. Akiwa mlangoni alianza kunieleza habari za vitu vyake vya nyuma ya nyumba, kipi kisiguswe. Gari lilikuwa linangoja. Nikamwambia atanieleza kwa simu.

Hapa Kebirigo wanasema nilirudi kutoka pwani mikono mitupu. Ni kweli. Miaka kumi na mmoja nilitunza tangi la matumbawe la hoteli, hoteli ikafungwa, nikarudi na begi moja na ujuzi usio na soko huku kwenye majani chai. Nataka kitu kimoja tu ambacho mtu akiingia kwangu atakiona na kunyamaza. Basi. Sioni kama ni dhambi.

Jumamosi, 5 Aprili

Sabato. Sikwenda kanisani. Tangi limejaa, chumvi nimeichanganyia humo humo. Baridi ya huku si mchezo, hita mbili hazipumziki.

Mama alipiga simu baada ya ibada. Chumba chake kimefika wapi? Nikasema kwenye linta.

Hata msingi sijachimba. Nilijiambia ni mvua. Mvua ipo, lakini si mvua.

Alhamisi, 1 Mei

Wamefika! Rashidi, tuliyefanya naye kazi hotelini, ameniletea mwenyewe. Matumbawe vipande kumi na viwili, aliyoyaotesha kwenye matangi yake. Konokono. Kamba wadogo wenye mistari. Samaki wawili wa rangi ya machungwa.

Majirani walijaa sebuleni. Mzee wa kanisa aliuliza kama wanaliwa. Wengine walinyamaza, kama nilivyotaka. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Mama hakuwepo.

Jumapili, 4 Mei

Siku ya kupunguza maji ya zamani na kuongeza mapya. Nimekosa pipa la kuchanganyia chumvi. Nimepata la Mama, la plastiki, la buluu, limepinduliwa chini ya mparachichi na kufungwa kitambaa. Nimelisugua kwa sabuni mara tatu. Limefaa.

Jumatatu, 12 Mei

Jana niliongeza maji tena. Leo konokono wameanguka kutoka kwenye kioo. Kamba wawili wamekufa.

Jumanne, 13 Mei

Matumbawe yamejifunga yote. Samaki wazima, wanakula vizuri. Hicho ndicho kinachonitia wazimu. Nimebadilisha maji mengi zaidi, mapipa mawili.

Alhamisi, 15 Mei

Mbaya zaidi. Matumbawe yanabaki mifupa. Kamba wamekwisha. Nimemfokea Kemunto kwamba amepuliza dawa ya mbu kwenye chumba cha mitambo. Hakupuliza. Nilijua hakupuliza.

"Mle mlikuwa na mtu," akasema. "Leo unalilia konokono."

Sikula.

Jumatatu, 19 Mei

Kipimo alichonitumia Rashidi kimefika. Maji yana shaba. Samaki huivumilia kidogo, konokono na matumbawe hapana. Nimekagua kila bomba, kila pampu, kila skrubu. Hamna shaba popote. Yote ni plastiki, nilinunua mwenyewe.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda Ekerenyo. Mama amekonda. Nimemkuta jikoni kwa Ombati, amepewa vifaranga sita awatunze. Hakuuliza habari ya chumba. Hilo limeniuma kuliko kama angeuliza.

Nikamwambia viumbe wangu wanakufa. Akataka kujua maji nachanganyia wapi.

"Lile pipa la buluu? Si nililipindua? Si nililifunga kitambaa?"

Ndilo alilokuwa akichanganyia dawa ya kahawa. Miaka na miaka, tangu Baba akiwa hai. Kahawa iling'olewa nikiwa pwani, ikapandwa chai. Mimi niliacha kuikumbuka, pipa halikuacha. Dawa hiyo ni ya shaba, nayo ni ya buluu. Ukoko wake uko pale chini, buluu juu ya buluu, na mimi nilisugua nikidhani ni rangi ya pipa.

"Nilitaka kukuambia siku ile," akasema. "Gari lilikuwa linangoja."

Hakusema kwa hasira. Heri angenitukana.

Ijumaa, 30 Mei

Nimemwomba Kemunto msamaha. Alisema sawa, akaendelea kuchambua mboga za chinsaga. Nimeng'oa mabomba. Nimebakiza pampu moja na hita moja, nimezihamishia sebuleni chini ya kioo. Samaki wawili hawahitaji zaidi. Chumba nimekipaka rangi. Kitanda cha Mama kimerudi mahali pake. Kinaingia vizuri kabisa.

Jumamosi, 7 Juni

Baada ya kanisa Ombati alimleta Mama. Kemunto alipika kuku na ile mboga anayoipenda. Mama aliketi mbele ya kioo muda mrefu, mikono mapajani. Samaki wawili na mawe matupu.

"Hawakoromi," akasema.

Nikampeleka chumbani. Alibonyeza godoro kwa kiganja, akakaa, akatazama dirisha, pazia, mlango. "Mbuya mono," akasema. Pazuri sana. Nikaanza kupumua.

Saa kumi jioni akajifunga leso.

"Ombati, turudi nyumbani. Vifaranga wangu hawajafungiwa."

Nyumbani, alisema. Wala hakujua amesema nini. Nilimbebea kikapu hadi kwenye gari.

Sasa nimekaa chumbani kwake. Shuka imebonyea kidogo pale alipokaa, sijainyoosha. Kupitia kioo namwona Kemunto sebuleni anakusanya vikombe. Samaki wanapita kati yetu. Pampu inafanya kazi. Mvua imeanza upya, na lile pipa nimelipindua.